Ukuta haurudishi mchanga

"Mtaalamu, wewe nipe vipimo vya ukuta tu, mengine niachie mimi." Maneno haya nimeyasikia Bagamoyo, nimeyasikia Kigamboni, na juzi nimeyasikia tena kwenye kiwanja kimoja kaskazini ya Dar es Salaam. Mwenye kiwanja na mimi tulikuwa tumesimama kwenye ukingo uliomeguka, minazi miwili imeanguka kuelekea baharini, mizizi yote nje. Fundi alishaitwa na kokoto zilishamwagwa. Nami kazi yangu, kwa alivyodhani, ilikuwa kusema ukuta uwe mnene kiasi gani.

Niliyomwambia nayaandika hapa, maana nimechoka kuyasema kiwanja kwa kiwanja. Ukuta wa zege unaweza kuilinda nyumba iliyo nyuma yake kwa miaka kadhaa. Ufukwe ulio mbele yake hauulindi, na mara nyingi ndio unaoumaliza.

Tazama wimbi linavyofanya kwenye ufukwe wenye mteremko wa taratibu. Linapanda, linapungua nguvu, maji mengine yananywea mchangani, na yanayorudi baharini yanarudi yamelegea na kuacha sehemu ya mchanga yaliyoubeba. Sasa simamisha ukuta wima mahali hapo. Wimbi linaugonga na kurudi na nguvu zake, likichimba mchanga ulio kwenye miguu ya ukuta. Bamvua chache, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, zikipita, msingi uko nje. Mwenye nyumba anamwaga kifusi, kifusi kinachukuliwa, ukuta unaanza kupasuka. Na pale ukuta unapoishia, mawimbi yanazunguka pembe na kula kiwanja cha jirani kwa kasi kuliko zamani. Jirani naye anajenga wake, na wa tatu anajenga wake. Nimepita sehemu ambazo ukizifikia maji yamejaa, huna pa kukanyaga: ni ukuta na bahari tu, na hapo watu walikuwa wakianika dagaa na kuvuta ngalawa.

Linalonikera zaidi ni kwamba hakuna anayeniuliza mchanga umekwenda wapi, wala ulikuwa ukitoka wapi. Ufukwe ni mchanga ulio safarini. Upepo wa kusi ukivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, mawimbi yanakuja mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Upepo wa kaskazi ukiingia, Novemba hadi Machi, sehemu yake inarudishwa kusini. Ndiyo maana ufukwe huohuo unaweza kuwa mpana mwezi wa pili na mwembamba mwezi wa saba bila kuwa na ugonjwa wowote. Mvuvi mzee analijua jambo hili bila kusoma jiolojia. Mnunuzi wa kiwanja halijui, kwa sababu alionyeshwa kiwanja mwezi wa pili.

Na mchanga huo una mama yake. Mwingi wa rangi ya kahawia umeletwa na mito kutoka bara: Rufiji, Ruvu, Wami, Pangani, na vijito vidogo visivyo na sifa. Vijito vya Mbezi na Tegeta, vinavyolisha fukwe za upande wa Kunduchi, vimechimbwa mchanga wa ujenzi kwa miaka mingi. Kila tipa linalotoka mtoni limebeba mchanga ambao ungefika ufukweni. Kwa hiyo mwenye nyumba anayelalamika kwamba bahari imemla, huenda kuta zake zimejengwa kwa mchanga uleule uliopaswa kumkinga. Nililisema hili mbele ya kikao cha wenye viwanja, wakanyamaza, kisha mmoja akauliza bei ya nondo.

Anayetaka kuona upande wa pili wa hesabu aende Malindi. Mto Sabaki unashusha udongo mwingi kutoka nyanda za juu za Kenya, maji ya ghuba yanageuka rangi ya chai wakati wa mvua, na ufukwe wa mji umepanuka badala ya kupungua. Bahari ni ileile. Tofauti ni kinachoingia na kinachotoka.

Mchanga mweupe wa Paje na Jambiani, huko Unguja, una mama mwingine. Huo haukutoka bara. Ni vipande vya matumbawe, kombe na mwani wenye chokaa, na sehemu yake imesagwa na pono, samaki anayeguguna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Ukipiga baruti kwenye mwamba wa matumbawe ili kuvua samaki, umevunja kizuizi kinachochosha mawimbi kabla hayajafika pwani, na umefunga kiwanda cha mchanga wenyewe.

Hapo ndipo mtu huniambia, "Lakini si ni bahari inapanda, mabadiliko ya tabianchi?" Inapanda, kweli. Wastani wa dunia sasa ni takriban milimita 4 kwa mwaka, na wajukuu wetu watalipa gharama yake. Lakini piga hesabu: miaka 10 ni sentimita 4. Kiwanja kilichopoteza mita 15 ndani ya miaka hiyo hakikumalizwa na sentimita 4 peke yake. Kuitupia tabianchi kila kitu kunamwachia mchimba mchanga aendelee na kazi.

Ushauri wangu ni uleule, hata kama hauuziki. Kabla ya kununua, nenda kiwanjani bamvua kubwa ya mwezi wa tatu au wa tisa, maji yakiwa yamejaa, ukae hapo saa mbili. Angalia mizizi ya minazi. Muulize mvuvi mzee, siyo dalali, ufukwe ulifika wapi alipokuwa kijana. Kisha jenga nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mita hizo si usumbufu wa ofisi fulani. Ni nafasi ambayo mchanga unaihitaji kwenda na kurudi. Kama kuna mikoko, usiiguse. Na usisahau kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani. Kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kinafunikwa maji yanapojaa. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa.

Wapo wasio na mchanga, wanaojivuna: "Mimi niko juu ya jiwe, bahari hainiwezi." Jiwe hilo ni mwamba wa matumbawe uliokua chini ya maji takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Ni chokaa, na chokaa huyeyuka na hutobolewa. Nenda Watamu, Kenya, au Kizimkazi, Unguja, uone mawimbi yalivyolila jiwe kwa chini, juu likabaki limening'inia kama ukumbi usio na nguzo. Haliliki taratibu kama mchanga. Linakaa miaka, halafu pande lote linaanguka kwa siku moja. Usijenge baraza juu ya ukingo huo.

Jiwe hilohilo limejaa mapango na mianya, kwa hiyo si kweli, kama watu wanavyodai, kwamba "linachuja maji". Shimo la choo lililochimbwa kwenye matumbawe linaweza kuunganishwa na kisima cha jirani kwa mwanya mmoja. Kipindupindu hakihitaji njia kubwa kuliko hiyo. Choo cha tangi lililozibwa chini, tafadhali.

Wakulima wa maweni, yaani ardhi yenye mawe ya matumbawe, huniambia mawe yanaota shambani, kila msimu yanaongezeka. Hayaoti. Udongo unasombwa na mvua na mawe yanabaki wazi. Acheni kuchoma majani, yatandazeni shambani.

Na ule ufa wa Mai Mahiu, Kenya, wa Machi 2018, uliosambazwa kwenye simu kama Afrika inayokatika vipande viwili: mvua kubwa ilizoa majivu ya volkano yaliyokuwa yamejaza mwanya wa zamani. Bonde la Ufa linapanuka kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zako zinavyokua.

La mwisho nalisikia kwa watu waliosoma pia: kwamba pwani yetu imekuwa hivi tangu kuumbwa. Miaka takriban 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu, na bahari ilikuwa chini ya hapa kwa kama mita 120. Mito ya Mombasa ilichimba mabonde marefu kuifuata. Bahari iliporudi ikayajaza, na ndiyo maana meli kubwa zinaingia bandari ya Kilindini, mahali ambapo jina lenyewe linakwambia pana kina. Bahari ilipokuwa chini hivyo, Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, imechimbuliwa mifupa ya punda milia na nyati, wanyama waliofika huko kwa miguu. Pemba hawakuweza kuvuka hivyo, kwa sababu kati yake na bara kuna mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800, ambao haukukauka hata bahari ilipokuwa chini kabisa. Mpaka leo Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana mahali pengine popote duniani.