Kidole tumbo kimeshakatwa, majibu ya nini tena?

Haya ni maswali ninayoulizwa wodi ya upasuaji hapa Tabora, mengine kwa sauti ya chini wakati ndugu wameshatoka. Nimeyaandika kwa sababu nimechoka kuyajibu kwa watu waliochelewa.

Kidole tumbo nacho kinaota uvimbe?

Kinaota. Ni kijifuko chembamba, kwa wengi sentimita 5 hadi 10, kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Watu wanakijua kwa ugonjwa mmoja tu, wa kuvimba ghafla na kukimbizwa thieta. Lakini ni utumbo kama utumbo mwingine, na uvimbe unaweza kuota humo. Ni nadra: katika vidole tumbo 100 vinavyokatwa, chenye uvimbe ni kimoja hivi, pengine hata hakifiki.

Dalili zake ni zipi?

Mara nyingi hazipo. Au ni zilezile za kidole tumbo kuvimba: maumivu yanaanzia kitovuni yanahamia kulia chini, kutapika, homa, chakula hakipiti. Uvimbe ukiziba mdomo wa kidole tumbo, kinavimba kama kinavyovimba kwa sababu nyingine yoyote. Kwa kushika tumbo peke yake, hakuna anayeweza kukuambia kama ndani kuna uvimbe au hakuna.

Nimeshakatwa, mshono umekauka, nalima. Nirudi kufuata nini?

Majibu ya kipande. Kile kidole tumbo kilichotolewa si taka. Kinapelekwa maabara ya patholojia, kinakatwa vipande vyembamba, kinaangaliwa kwa hadubini. Kwa watu wengi sana, uvimbe wa kidole tumbo unagundulika hapo tu, baada ya upasuaji, kwa mtu aliyekuja kwa maumivu ya kawaida. Usipofuata majibu, hujui ulichokuwa nacho. Kupona kwa mshono ni habari ya ngozi. Hakusemi lolote kuhusu kilichokuwa ndani ya kipande.

Nina mgonjwa mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo, miaka arobaini na kitu. Alikatwa kidole tumbo katika hospitali moja, akaambiwa arudi baada ya wiki sita. Msimu ulikuwa umeanza, akaona mshono mzuri, hakurudi. Alikuja kwetu baada ya mwaka mmoja na nusu, tumbo limejaa, mkanda umesogezwa matundu matatu. Karatasi ya majibu ilikuwa kwenye faili lake kule siku zote hizo, imeandikwa "uvimbe wa ute, kidole tumbo kimepasuka". Hakuna aliyekuja kuisoma.

Lakini daktari alikiona kwa macho, akasema kilikuwa cha kawaida.

Macho hayatoshi. Uvimbe mdogo unaweza kukaa kwenye ncha ukiwa kama punje ya harage, na kidole tumbo chote kimevimba chekundu, nani atautofautisha? Daktari aliyesema "kilikuwa cha kawaida" alisema alichokiona. Hadubini inaona zaidi. Fuata majibu.

Na majibu hayaleti habari ya saratani tu. Kwenye vidole tumbo vya watu wa huku kwetu wakati mwingine hukutwa mayai ya kichocho, na hayo yanatibika kwa vidonge.

Kipimo kina gharama, na sisi hatuna.

Najua. Ila nikiuliza kabla ya kuja hapa mlipita wapi, naambiwa kwa mganga walitoa kuku wawili na beberu. Mama mmoja aliniambia hivyo huku akiomba tusipeleke kipande. Nilimwambia shikamoo mama, beberu aliyekwenda angelipa hiki kipimo na nauli ikabaki. Alicheka, kipande kikaenda.

Kikipelekwa maabara ya mbali, tukibebe vipi?

Ikiwa mmekabidhiwa nyie, kwa mfano mnakipeleka Mwanza kwa basi, kiwe ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na hiyo dawa iwe mara kumi ya kipande chenyewe. Si maji, si chumvi, si spiriti. Kopo liwe la mdomo mpana, kwa sababu nyama ikikaa kwenye formalini inakakamaa na haitatoka kwenye chupa ya maji ya kunywa. Jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Niliwahi kuletewa kidole tumbo kwenye kopo lililokuwa la asali, kikavu, siku ya tatu. Kwa harufu ile hapakuwa na cha kupima.

Mimi sikukatwa. Nilichomwa sindano, jipu la kidole tumbo likaisha. Si nimepona?

Ukiwa kijana, huenda. Ukiwa umevuka miaka 40, sikuachii uondoke hivihivi. Finland waliwafuatilia wagonjwa 60 waliotibiwa jipu la kidole tumbo bila kukatwa kwanza. Waliokutwa na uvimbe walikuwa 12, na wote walikuwa zaidi ya miaka 40. Utafiti ule ulisimamishwa mapema kwa sababu hiyo. Kwa hiyo antibayotiki zikituliza jipu, mzee wangu, bado unarudi kwa picha ya CT scan, kuangaliwa utumbo mpana kwa kamera, na mara nyingi kukatwa kidole tumbo kwa mpango. Kile kilichokatwa nacho kinapelekwa maabara. Ndiyo, narudia.

Wakikuta uvimbe, ndiyo basi?

Siyo basi. Inategemea aina na ukubwa.

Upo unaotokana na seli zinazotengeneza homoni, zamani ukiitwa kasinoidi. Ukiwa chini ya sentimita 1 na umetoka wote, kwa kawaida ule upasuaji uliofanyiwa ndio tiba yenyewe. Ukizidi sentimita 2, unarudi thieta kutolewa sehemu ya kulia ya utumbo mpana pamoja na tezi zake. Wa katikati hapo, madaktari huangalia ulipokaa na ulivyojipenyeza kabla ya kuamua.

Upo wa ute. Kidole tumbo kinajaa ute kama uji wa muhogo kikawa kinene, na CT scan ikionyesha unene unaozidi milimita 15 tunaanza kushuku. Kikitolewa kizima bila kupasuka, na mdomo wake ukiwa safi, wengi wanamalizia hapo na kufuatiliwa kwa vipimo.

Ipo saratani yenyewe ya utando wa utumbo. Hiyo ni upasuaji mkubwa zaidi, na wengine hupewa dawa za saratani baada yake. Hapo rufaa ni hospitali za Bugando, Muhimbili au Ocean Road.

Karibu maamuzi yote haya yanaanzia kwenye ile karatasi ya maabara ambayo watu hawaifuati.

Na yule wa Urambo, tumbo lilijaa nini? Si alitupiwa kitu?

Hakutupiwa. Uvimbe wa ute ukipasua kidole tumbo, seli zake zinamwagika tumboni na kuendelea kutengeneza ute, taratibu, miezi hadi miaka. Ukitoboa kwa sindano ukidhani ni maji, hautoki, au unatoka kidogo kama jeli. Wanawake hudhaniwa wana uvimbe wa ovari au mimba. Wanaume wengine huanza na ngiri mpya kinenani. Tiba yake ni upasuaji unaoweza kuchukua saa kumi au zaidi wa kukwangua kila mahali, kisha dawa za saratani zilizopashwa hadi nyuzi joto 41 hadi 43 kuzungushwa ndani ya tumbo. Vituo vinavyoifanya kazi hiyo duniani ni vichache. Hayo yote, kwa kidole tumbo ambacho majibu yake yalishatoka.

Kama ni chango tu?

Chango, chango. Kila tumbo la Tabora ni chango mpaka lipasuke. Maumivu ya kulia chini yaliyokaa usiku mzima si ya kukandwa, si ya kupigwa bomba la mizizi, si ya kununulia vidonge dukani. Njoo siku hiyohiyo.

Nimebadilisha namba ya simu. Mtanipataje?

Hatutakupata. Ukiruhusiwa, acha namba mbili, ya kwako na ya mtu asiyehama, kama mjumbe au duka la jirani. Na kama ulikatwa mwaka jana au juzi na hukurudi, nenda masjala ya hospitali iliyokukata na kadi yako, hata kama imelowa, uliza jibu la patholojia.