Ujifunzaji mseto sekondari: tunayoamini na yaliyo kweli

Ujifunzaji mseto ni kuchanganya masomo ya kwenye kompyuta au kishikwambi na ufundishaji wa mwalimu darasani. Hizi ni kauli zinazosikika mara kwa mara kuuhusu.

"Bila intaneti ya uhakika haiwezekani."

Hii ndiyo dhana inayorudisha nyuma shule nyingi, na si kweli. Programu ya Kolibri, kwa mfano, ilitengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao. Masomo hupakuliwa mara moja mahali penye intaneti, kompyuta moja ya shule inakuwa seva, yaani inayohifadhi masomo na kuyagawa, na vishikwambi vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya humo humo shuleni bila bando. Kikwazo kikubwa zaidi ni umeme.

"Vifaa vyetu ni vichache mno."

Chukua kipindi pacha cha Biolojia, Kidato cha Pili: dakika 80, wanafunzi 60, vishikwambi 10. Gawa makundi matatu yanayopokezana kila baada ya dakika 25. Kundi moja, wawili wawili kwa kila kishikwambi, linatazama video ya moyo ukisukuma damu. La pili linachora moyo na kuandika majina ya sehemu zake. La tatu limekaa na mwalimu, na kila mmoja anaeleza kwa nini ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ina ukuta mnene kuliko ya kulia.

Kwa Tanzania kuna faida ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Watoto wetu wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, kisha wanakutana na Kiingereza Kidato cha Kwanza. Video husimamishwa na kurudiwa mara tatu bila mtoto kuona haya. Na katika kundi la watu 20, mwalimu anagundua mara moja nani amekariri neno bila kujua maana yake.

"Tulijaribu wakati wa korona, ikashindikana."

Machi 2020 shule zilifungwa, na watoto wakaachwa na redio, televisheni na simu za wazazi. Hayo yalikuwa masomo ya mbali. Mseto unamhitaji mwalimu awepo.

"Kompyuta yenyewe ndiyo inayopandisha ufaulu."

Ripoti ya Wizara ya Elimu ya Marekani ya 2010 ilikuta kwamba waliosoma kwa mseto walifanya vizuri kuliko waliosoma ana kwa ana tu. Lakini waandishi wake walitahadharisha: mara nyingi wanafunzi hao walipata pia muda na nyenzo za ziada, na tafiti nyingi hazikuhusu shule za msingi na sekondari. Wanaouza vifaa huitaja sehemu ya kwanza pekee.

"Mwalimu atapumzika."

Kazi yake huongezeka, hasa mwanzoni. Lazima aitazame video yote, achague dakika nne zinazofaa, na atunge maswali kwa kila kundi. Anayeanza achukue mada moja tu kwa muhula, na mkuu wa shule ampe nafasi ya maandalizi kwenye ratiba.