Misitu ya Jamii Pembezoni mwa Kampala: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Misitu ya vijiji inamalizwa na kina mama wanaookota kuni.

Ukweli: Kuni za kupikia nyumbani mara nyingi ni matawi makavu. Katika vijiji vya Wakiso na Mukono vinavyomezwa na mji, kinachoumaliza msitu ni biashara ya viwanja. Dalali huja na mpimaji, nguzo fupi za saruji husimikwa katikati ya miti, na kabla shoka la kwanza halijainuliwa msitu umekwisha kugawanywa. Mkaa hufuata baadaye, nao hupakiwa magunia kwenda kupikiwa mjini. Kuwalaumu kina mama hao ni kuwaonea.

Dhana: Msitu usio na hati hauna mwenyewe.

Ukweli: Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi ya mailo, yaani ya umiliki binafsi wa kudumu wenye hati, kwa Kabaka (mfalme wa Buganda), machifu na watu wengine wachache, huku wakulima wengi wakibaki wakaaji wa vibanja, yaani vipande vya ardhi ndani ya hati ya mtu mwingine. Ndiyo maana msitu ambao ukoo umechuma dawa, kuteka maji na kufanya matambiko kwa vizazi unaweza kuwa kwenye hati ya mtu asiyeishi hapo. Sheria ya misitu ya Uganda ya 2003 inatambua misitu ya jamii, lakini wanakijiji sharti wawe na chombo kinachotambulika kisheria na waziri autangaze msitu wao rasmi. Safari hiyo ni ndefu, ilhali kuuza kiwanja hakuchukui muda, na kwangu huo ndio udhaifu mkubwa kuliko wote.

Dhana: Hifadhi ya serikali haiguswi.

Ukweli: Namanve ilikuwa hifadhi ya msitu, na leo sehemu yake kubwa ni eneo la viwanda. Mabira ilinusurika mwaka 2007, serikali ilipotaka kutoa takribani hekta 7,100, karibu robo ya hifadhi, zilimwe miwa. Watu waliandamana Kampala, baadhi wakapoteza maisha, na mpango ukasitishwa.

Dhana: Mikaratusi itaziba pengo.

Ukweli: Hutoa nguzo na mbao haraka, lakini shamba la mti mmoja halina dawa, matunda wala wanyama wa msitu wa asili.

Dhana: Mwenye hati ya kiwanja hana la kuogopa.

Ukweli: Hati iliyotolewa ndani ya hifadhi inaweza kufutwa. Kabla ya kulipa, mnunuzi akague kumbukumbu katika ofisi ya ardhi, kisha amuulize mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na wazee wa kijiji mahali hapo palikuwa nini.