Utando wa kahawia kwenye tangi jipya la samaki: usilivunje, lilee

Wengi wanaonitumia picha za matangi yao huwa wameshakata tamaa. Hata mwezi haujaisha tangu wajaze maji, na tayari kioo kimepigwa vumbi la kahawia, mchanga uliokuwa mweupe umegeuka rangi ya kutu, na majani ya mimea hayaonekani ukijani wake. Swali lao ni moja: nimwage maji yote, nioshe kila kitu, nianze upya?

Hapana. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kuanza upya ndiko kunakouita tena utando huo, ambao ni mwani. Tangi ulilolisugua mpaka likang'aa ni tangi jipya kwa mara nyingine, na mwani wa kahawia hustawi sana kwenye matangi mapya. Isitoshe, ukiosha kila kitu unaua bakteria wanaowalinda samaki dhidi ya amonia, sumu inayotokana na uchafu wao wenyewe. Mwani wenyewe hauui samaki, lakini amonia inaua.

Kiumbe tunachokizungumzia ni diatomu, mwani wa seli moja. Ukuta wa seli yake umejengwa kwa silika, madini yale yale yanayotengenezea kioo, nao una vipande viwili vinavyoingiana kama kisanduku na mfuniko wake. Seli inapogawanyika, kila mtoto huchukua kipande kimoja na kujijengea kingine kinachoingia ndani ya kile alichorithi. Hivyo aliyerithi kipande kidogo hutoka mdogo kuliko mzazi wake, na vizazi vinavyofuata huzidi kupungua, hadi uzazi wa kijinsia unapoirudishia seli ukubwa wake wa awali. Rangi ya kahawia hutokana na fukozanthini, inayofunika ukijani wa klorofili. Ukipata hadubini, weka tone la vumbi lile uangalie: vijiti vya rangi ya dhahabu, vyenye mistari myembamba iliyopangwa sawasawa, na vingine vinateleza polepole vyenyewe. Mimi sichoki kuvitazama.

Sasa, diatomu bila silikati, yaani silika iliyoyeyuka majini, haiwezi kujenga ganda, na bila ganda haigawanyiki. Silikati hiyo huja hasa na maji ya bomba au ya kisima, ambayo yameipata kwenye miamba yaliyopita. Kwenye tangi jipya hakuna mwingine wa kuigombania. Kioo ni kitupu, mimea haijashika mizizi, amonia bado inapanda na kushuka kwa sababu bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, kwa kawaida huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Diatomu hukua haraka na huridhika hata na mwanga hafifu, kwa hiyo hutangulia. Baada ya muda, nafasi kwenye kioo na mawe huchukuliwa na bakteria na viumbe wengine wadogo, mimea huanza kula, na utando hupungua wenyewe. Mara nyingi miezi miwili haipiti.

Mchanga husingiziwa sana hapa. Ni kweli mchanga mwingi ni silika, lakini ni silika ya kwatzi, ambayo huyeyuka polepole mno kwenye joto la tangi. Usiutoe. Tazama maji unayojaza.

Kabla ya kufanya lolote, hakikisha ni diatomu kweli. Pitisha kidole kwenye kioo. Ikitoka mara moja na kutawanyika kama vumbi, ndiyo yenyewe. Madoa ya kijani magumu yanayotaka wembe ni mwani mwingine. Utando wa utelezi, wa kijani kinachoelekea bluu, unaobanduka kwa vipande na kunuka, ni sayanobakteria, na dawa yake ni tofauti. Na kama kioo ni safi ila maji yenyewe yana rangi ya kahawia, hiyo ni tanini, rangi inayotoka kwenye gogo lililowekwa tangini, haina madhara.

Kusafisha kuna namna yake, na hapa ndipo watu hupoteza nguvu bure. Wanasugua kioo kwa kasi, vumbi linatimka, maji yanachafuka, kisha jioni kila kitu kimetua tena kwenye majani. Tumia mikono miwili. Mkono mmoja shika sponji laini isiyowahi kuguswa na sabuni, mwingine ushike mdomo wa mpira wa kufyonzea maji. Anza juu ya kioo ushuke taratibu, mdomo wa mpira ukiifuata sponji kwa karibu, ili vumbi linyonywe kabla halijaruka. Kwa jani, liweke kati ya vidole viwili, kimoja juu na kingine chini, ulipanguse kuelekea kwenye ncha huku mpira ukisubiri pale pale. Anubiasi ndiyo inayotaka uvumilivu zaidi, maana majani yake hukua polepole na utando hupata muda wa kukaa. Kwenye mchanga, usichimbe. Pitisha mpira juu kidogo ya mchanga, tabaka la kahawia litapanda lenyewe.

Kwa njia hiyo, unapomaliza kusafisha umeshatoa kama robo ya maji, ambacho ndicho kiasi ninachopendekeza kubadilisha kila wiki. Maji mapya yawe yameondolewa klorini na joto lake likaribie la tangi. Filta iache siku hiyo. Ikiwa imeziba, ikamue siku nyingine ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba.

Kuhusu taa, ushauri wa siku nyingi ni kwamba mwani wa kahawia huletwa na giza, kwa hiyo ongeza mwanga. Siukubali. Diatomu huvumilia mwanga hafifu, lakini kuongeza mwanga hakuondoi silikati hata kidogo. Kwenye tangi lenye mimea michache unabadilisha tu utando wa kahawia kwa wa kijani. Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha. Bora uongeze mimea inayokua haraka, kama valisneria.

Wapo wanyama wanaoula. Konokono wa neriti hufanya kazi nzuri kuliko wote, na mayai yake meupe utakayoyaona kwenye mawe hayakui kuwa konokono kwenye maji yasiyo na chumvi. Kambare wadogo wa jenasi ya Otocinclus wanaupenda mno, na hao nawaombea huruma. Watu huwanunua wiki ile ile mwani unapotokea, yaani wakati amonia bado ipo, nao ni samaki wasioistahimili. Wakipona, mwani unaisha na wanakufa njaa. Subiri amonia na nitriti visome 0, waweke kwa kundi, na uwazoeshe vyakula vingine vya majani mapema. Dawa za kuua mwani mimi siziweki. Zenye shaba huua konokono na uduvi.

Tangi la mwaka mzima likirudiwa na utando, ni habari nyingine. Pima silikati, lakini pima maji unayojaza, si ya tangini peke yake. Tangi lililojaa diatomu linaweza kusoma chini kabisa kwa sababu silikati yote imeshaingia kwenye maganda, na mtu akajiaminisha kwamba maji yake hayana shida. Wanaotumia mtambo wa osmosi, unaosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia kichujio chembamba sana, wakague kichujio hicho. Kikichakaa, silikati ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kupenya, hata kabla kipimo cha chumvi hakijaonyesha tofauti kubwa.

Chanzo kikiwa bomba, unaweza kuchanganya na maji ya osmosi yaliyorudishiwa madini, au kuweka chembechembe za oksidi ya chuma kwenye filta. Hizo hunasa silikati pamoja na fosfati, na mimea inaihitaji fosfati, kwa hiyo anza na kiasi kidogo. Kisha ufyonze utando wote wa zamani uutoe nje ya tangi. Maganda yanayobaki mchangani huyeyuka kwa urahisi kuliko mchanga wenyewe, na huirudisha silikati ile ile majini.