Maana ya uhalisia pepe katika tiba ya maumivu sugu ya kiuno

Uhalisia pepe ni mandhari iliyotengenezwa kwa kompyuta, ambayo mtu huiona akiwa amevaa kifaa mithili ya miwani mikubwa iliyofunika macho pande zote; akigeuza kichwa, mandhari nayo hugeuka, hata akajihisi yumo ndani yake. Kwa mwenye maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyodumu zaidi ya miezi 3, kifaa hiki hakigusi pingili wala misuli. Kinachofunzwa ni ubongo.

Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani kazi yake ni kumsahaulisha mgonjwa tu. Ni kweli kwamba ilianza hivyo: katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitumia uhalisia pepe kwa watu waliojeruhiwa kwa moto wakati vidonda vyao vikihudumiwa, kwa kuwa akili iliyoshughulishwa na jambo jingine hubakiwa na nafasi ndogo ya kuyasikia maumivu. Lakini kusafisha kidonda huchukua muda mfupi, ilhali kiuno humsumbua mtu kazini na kitandani, naye hawezi kushinda na miwani usoni.

Kwa hiyo programu za kiuno hufuata njia ya tiba ya kisaikolojia inayobadili fikra na mienendo. Maumivu yakikaa muda mrefu, mfumo wa neva huwa mwepesi kupiga kengele ya hatari hata pasipo jeraha jipya (maumivu hayo si ya kubuni, yanauma kwelikweli), na mgonjwa anayeogopa kuinama hukakamaa, akazidi kuumia. Ndani ya miwani hujifunza kupumua polepole, huku mandhari ikibadilika kufuata pumzi yake, ili baadaye aweze kujituliza bila kifaa.

Mfano ni RelieVRx, iliyoidhinishwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, Novemba 2021, wakati huo ikiitwa EaseVRx. Ina vipindi 56 vya kila siku kwa wiki 8, vya dakika 2 hadi 16, na iliidhinishwa itumike sambamba na matibabu mengine. Baadhi ya watumiaji hupata kichefuchefu au huchoshwa na uzito wa kifaa. Mwenye kiuno kinachouma pamoja na miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo hahitaji miwani, bali daktari, tena siku hiyohiyo.