Hakuna marathoni ya kilomita 5

Mabango yameanza tena: marathoni ya kilomita 5, marathoni ya kilomita 10. Hizo ni mbio za barabarani, na ziitwe hivyo. Marathoni ni moja tu, kilomita 42 na mita 195. Ile ya kilomita 21.0975 ni nusu marathoni.

Wengi hudhani neno lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni mbio ndefu. Sivyo. Marathon ni mahali, uwanda wa pwani kaskazini-mashariki mwa Athens, na jina lake latokana na shamari iliyoota huko. Ndani yake hamna mbio wala umbali.

Mbio ziliingia kwa hadithi. Mwaka 490 KK Waathene waliwashinda Waajemi uwandani hapo, na makocha hawachoki kusimulia jinsi Pheidippides alivyokimbia hadi Athens, akatangaza ushindi, akaanguka akafa. Mimi siihesabu kuwa historia. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika karne hiyo hiyo, anasema mjumbe huyo alitoka Athens kwenda Sparta kuomba msaada kabla ya vita, kama kilomita 240. Habari ya kufa haimo. Inajitokeza kwa mwandishi Plutarch, zaidi ya miaka 500 baadaye, tena kwa majina mengine.

Mbio za sasa zilipendekezwa na Mfaransa Michel Bréal kwa Olimpiki ya 1896: kama kilomita 40, mshindi Spyridon Louis. Zile mita 195 zilitokana na Olimpiki ya London 1908, kutoka kasri la Windsor hadi mbele ya jukwaa la kifalme, zikathibitishwa 1921.

Umbali huo hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio cha mizunguko ya gurudumu, iliyosahihishwa kwanza kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma. Mpimaji hufuata njia fupi kuliko zote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, kisha huongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikapungua. Saa ya mkononi ikisoma 42.6, usimlaumu mpimaji: umezunguka kona kwa nje, na ishara za setilaiti ambazo saa huzitegemea nazo hupotoka penye maghorofa.

Na hata umbali ukitimia, bado rekodi yaweza kukataliwa. Kwenye marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 2011 Mkenya Geoffrey Mutai alikimbia kwa saa 2:03:02, kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia. Haikuandikwa rekodi ya dunia, kwa kuwa njia ile huteremka zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, na inapoanzia ni mbali mno na inapoishia.