Je, wajua? Kwa nini wimbo wa siasa ukipigwa laivu kwa magitaa makali humtikisa anayeusikia mara ya kwanza

Chukua wimbo mmoja wa roki unaolalamikia watu waliovunjiwa nyumba bila fidia. Usikilize kwa simu ukiwa kwenye daladala ya Mbagala. Utaupenda, pengine utaurudia. Halafu usikie wimbo huohuo usiku, umesimama mbele ya jukwaa, bendi ya watu wanne imefungulia vyombo, na hujawahi kusikia roki laivu maishani mwako. Maneno ni yaleyale, lakini mwili unasisimka, koo linakauka, na kuna wanaotokwa na machozi wasijue yameanzia wapi.

Wakazi wa Dar es Salaam hawatishwi na kelele. Jiji lililozaa singeli, lenye vigodoro vinavyokesha Manzese na Tandale, limezoea spika zinazotikisa mabati. Kwa hiyo ukubwa wa sauti peke yake hautoshi kuwa jibu, ingawa ni lazima tuanzie hapo.

Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Spika ya simu, ndogo kuliko ukucha, haina uwezo wa kusukuma hewa kiasi hicho. Unachosikia kwenye simu ni sauti za juu za besi, na ubongo wako unajijazia pengo lililobaki. Jukwaani pengo hilo halipo: spika kubwa zinaisukuma hewa yenyewe, nayo inakupiga kifuani na tumboni. Maongezi ya kawaida yana desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 60 hivi, wakati onyesho la roki hufika 100 hadi 110. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi, ingawa sikio huhesabu kama mara mbili tu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walikuwa wakiwasha na kuzima spika maalumu za sauti za chini mno katikati ya onyesho la muziki wa elektroniki, na watazamaji hawakuweza kutambua ni wakati gani zimewashwa. Hata hivyo, zilipowashwa, watu walicheza zaidi kwa karibu asilimia 12. Mwili uliitikia kitu ambacho masikio hayakukitambua.

Lakini singeli nayo ina besi. Kinachokuwa kigeni kwa mtu wa Dar kwenye roki ni gitaa.

Sisi tumelelewa na gitaa safi. Sikiliza rekodi za zamani za bendi za dansi kama NUTA Jazz au Mlimani Park: solo linameremeta, kila noti inasikika imekamilika, hata mtoto anaweza kuliimba kwa mdomo. Gitaa la roki hufanywa kinyume kwa makusudi. Mpigaji huilazimisha amplifaya, kile chombo cha kukuza sauti ya gitaa, kupita uwezo wake. Wimbi la sauti linalotoka kwenye uzi ni la mviringo, linapanda na kushuka taratibu, lakini amplifaya ikishafika mwisho wa nguvu zake haiwezi kulipandisha tena, kwa hiyo kilele cha wimbi hukatwa na kuwa bapa, kama mtu mrefu anayelazimika kuinamisha kichwa chini ya dari fupi. Ukataji huo huzaa sauti mpya kali za juu ambazo hazikuwemo kwenye uzi, na noti hudumu muda mrefu bila kufifia. Matokeo yake ni sauti yenye mkwaruzo.

Na mkwaruzo una maana kwa binadamu hata kabla ya maneno. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mayowe ya hofu hutofautiana na sauti nyingine za binadamu kwa sababu nguvu yake hupanda na kushuka haraka sana, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na kwamba sauti za namna hiyo huiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari. Gitaa lililokwaruzwa linaingia karibu na mlango huohuo. Kwa aliyezoea, ni starehe. Kwa anayelisikia laivu mara ya kwanza, ubongo haujaliweka bado kwenye kundi lolote, hivyo unaamka wote.

Ndiyo maana gitaa la aina hii linaweza kufanya siasa bila kutamka neno. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock nchini Marekani, mpiga gitaa Jimi Hendrix alipiga wimbo wa taifa wa nchi hiyo kwa gitaa lake. Wakati huo Marekani ilikuwa vitani Vietnam, na Hendrix mwenyewe alikuwa amewahi kuwa askari wa miavuli. Aliuanza wimbo kama ulivyo, kisha pale unapotaja makombora na mabomu akaliachia gitaa lilie, livume na kupiga mayowe mpaka ukasikia ndege na milipuko. Hakuna neno lililoimbwa. Wengi wa waliofika tamashani walikuwa wameshaondoka, lakini mjadala wa alichomaanisha haujaisha hadi leo. Kwangu mimi huo ndio mfano bora wa jinsi chombo kinavyoweza kushitaki.

Sasa, kwa nini lazima uwe pale? Watafiti wa McMaster haohao waliwahi kufanya jaribio zuri na mwanamuziki wa roki wa Kanada, Ian Fletcher Thornley. Kundi moja lilimsikiliza akipiga mwenyewe jukwaani. Kundi jingine lilisikiliza nyimbo zilezile za albamu yake katika ukumbi uleule, bila yeye. Kwa kupima mienendo ya vichwa waligundua kwamba waliomwona laivu walitikisa vichwa kwa nguvu zaidi. Na mwaka 2024 watafiti wa Zurich waliwaweka wasikilizaji kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku mpiga piano akiona jinsi amigdala zao zinavyoitika na kubadilisha upigaji wake papo hapo. Muziki wa laivu uliwaamsha zaidi, na kwa uthabiti zaidi, kuliko uliorekodiwa. Rekodi haikuoni. Mwanamuziki anakuona, anasogea unapoelekea, anaurudia mstari uliokuchoma.

Hapo ndipo siasa inapoingia kwa nguvu zote.

Ukisikiliza wimbo wa kuikosoa serikali kwa simu ukiwa peke yako, unajua unachokifikiri wewe. Hujui jirani yako anafikiri nini, wala yeye hajui kuhusu wewe. Ukumbini mnasikia mstari mmoja kwa sekunde moja, na mnaonana mkiusikia. Mimi najua, wewe unajua, na sasa kila mmoja anajua kwamba mwenzake anajua. Wanaochunguza siasa wanalitilia maanani sana jambo hili, kwa sababu watu wengi hunyamaza kwa kudhani wako peke yao hata pale ambapo hawapungukiwi na habari.

Nililiona kwa macho yangu kwenye uwanja mmoja wa wazi Mikocheni, siku niliyosikia bendi ya roki laivu kwa mara ya kwanza. Mwimbaji alifika kwenye ubeti wa bomoabomoa. Wakati ule kumbukumbu ya nyumba zilizovunjwa Kimara mwaka 2017 kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro ilikuwa haijapoa. Magitaa yakanyamaza, akabaki mpiga drams peke yake, na mwimbaji akaimba mstari ule taratibu, bila kupiga kelele. Watu hawakutazama jukwaa. Walitazamana. Halafu gitaa likarudi na uwanja mzima ukapiga ukelele. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo mara nyingi kwenye simu, na sikuwahi kuhisi kwamba unanihusu mimi na hawa watu kwa pamoja.

Watu wa pwani tunalijua jambo hili zamani kupitia taarabu. Fumbo likiimbwa kwenye kanda nyumbani ni shairi tamu tu. Likiimbwa ukumbini, mtu akainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti fulani, huku akimkata jicho fulani aliyeketi meza ya pili, ukumbi wote umeshaelewa nani anaambiwa nini. Maana imekamilishwa na aliyeinuka. Mwimbaji anaweza kuapa kwamba hakumtaja mtu, naye atakuwa anasema kweli. Onyesho la roki la kisiasa linafanya kazi ileile, ila hapa anayeelekezewa ubeti ni mwenye madaraka, na wanaoinuka ni mamia.

Dar imepitia mengi ya aina hii. Mwezi Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku mjini kwa hoja ya kulinda utamaduni na maadili ya vijana. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Sunburst liliendelea kuchanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika hapahapa. Baadaye akaja Dokta Remmy Ongala na Super Matimila, aliyewaimbia wanyonge kwa magitaa ya umeme kiasi kwamba sehemu ya Sinza mpaka leo inaitwa kwa Remmy. Wimbo wake wa kuhimiza matumizi ya kondomu, Mambo kwa Soksi, ulikataliwa na Radio Tanzania, kituo pekee cha redio Tanzania Bara wakati huo. Ukaenea hata hivyo. Redio ilikuwa na mlango wa kufunga, ukumbi haukuwa nao. Na mwezi Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa na wimbo wake Wapo ukazuiwa. Muda mfupi tu baadaye Rais Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe, akashauri hata uongezewe watu wengine wa kusemwa, wakiwemo wakwepa kodi. Wimbo wa dakika chache ulikuwa umefika Ikulu.

Wakati mwingine dola yenyewe ndiyo inayoufanya muziki kuwa wa siasa. Chekoslovakia ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi iitwayo Plastic People of the Universe. Nyimbo zao nyingi hazikuzungumzia serikali. Walitaka tu kupiga roki wanayoipenda, wakanyimwa kibali, wakawa wanapiga kwa siri vijijini. Mwaka 1976 walikamatwa na baadhi yao wakafungwa. Kesi hiyo iliwakusanya waandishi na wasomi ambao hawakuwa hata na desturi ya kusikiliza roki, na Januari 1977 wakatoa waraka wa kudai haki uliojulikana kama Charter 77. Mmoja wa waanzilishi wake, Václav Havel, alikuja kuwa rais wa nchi hiyo Desemba 1989.

Kuna jambo linalonisumbua katika haya yote, na silifichi. Nguvu hizi hazichagui upande. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba wanafunzi nchini Brazil waliocheza kwa mienendo inayolingana walijisikia karibu zaidi na wenzao, na hata waliweza kuvumilia maumivu zaidi kuliko waliocheza bila kulingana. Mwili haukuuliza dansi ile ni ya nini. Vyama vyetu vinalijua hilo vizuri. Ndiyo maana mkutano wa kampeni bila wasanii ni nadra. Vinyweleo kusimama hakuthibitishi kwamba aliyoyasema mwimbaji ni kweli. Wimbo wa bomoabomoa ulinigusa pale Mikocheni, lakini idadi ya nyumba na sheria ya fidia nilizitafuta kesho yake, mahali pengine.

Mara ya pili haiwi kama ya kwanza. Muziki hucheza na matarajio: ubongo unabashiri kinachofuata, na raha nyingi hutoka pale ubashiri unapothibitika au kupinduliwa. Anayesikia roki laivu mara ya kwanza hana cha kubashiria, hajui kama ukimya ule ni mwisho au ni maandalizi ya kishindo. Akirudi atafurahia mengine, kama maneno, ustadi wa vidole, mzaha kati ya wanamuziki, lakini mshtuko ule utakuwa umepungua.

Kama bado hujaenda, chagua pa kusimama. Usikae mbele ya spika: Shirika la Afya Duniani, katika viwango lilivyotoa mwaka 2022, linataka wastani wa sauti kwenye kumbi usizidi desibeli 100, na katika kiwango hicho robo saa tu inatosha kuanza kuyaumiza masikio yasiyokingwa. Vizibo vidogo vya masikio vinapunguza sauti bila kukunyima besi ya kifuani. Pazuri zaidi ni karibu na meza ya fundi mitambo, katikati ya uwanja, kwa kuwa yeye huupanga muziki kwa kusikiliza akiwa hapo. Ukisimama hapo utapata gitaa na maneno kwa pamoja, na wimbo wa siasa ambao maneno yake hayasikiki umepoteza nusu ya kazi yake.